Asili ya Mikate ya Nyama Pwani ya Matsangoni

Katika vyakula ambavyo watu wa Matsangoni, pwani ya Kenya kusini ya Malindi, na vijiji jirani huvipika majumbani kwa futari, kwa arusi au kwa heshima ya mgeni, hakuna kilichosafiri mbali kuliko sambusa ya nyama, ijapokuwa aghalabu huliwa na mtu asiyejiuliza imetoka wapi.

Mwaka 1226 Muhammad bin al-Hasan al-Baghdadi alitunga kitabu cha mapishi mjini Baghdad, na ndani yake akaeleza namna ya kufunga nyama katika unga na kuikaanga. Na msafiri Ibn Battuta, alipofika Bara Hindi katika karne iliyofuata, alikaribishwa chakula hicho hicho, nyama iliyopondwa pamoja na lozi, vitunguu na viungo, ikakunjwa katika mkate mwembamba na kukaangwa kwa samli. Lakini msafiri huyo huyo, alipopita Mombasa mwaka 1331, alitaja ndizi na samaki, akasema nafaka yao huletwa kutoka Sawahili, yaani mwambao, ila sambusa hakuitaja.

Mimi naona sababu ni ngano. Joto la pwani halikubaliani na zao hilo, na Mreno Duarte Barbosa, aliyeandika mwanzoni mwa karne ya 16, anasema kwamba Malindi palikuwa na mchele na mtama tele, na ngano kidogo iliyoletwa kwa bahari kutoka Khambhat ya Bara Hindi. Kitu kiletwacho kwa msimu wa kaskazi, tena kidogo, huwa chakula cha matajiri. Hata Malindi ilipofufuliwa zamani za Sayyid Majid, Sultani wa Zanzibar, kuanzia mwaka 1861, ikasifiwa kwa wingi wa nafaka, mashamba yale, yaliyolimwa kwa jasho la watumwa, yalitoa mtama na ufuta. Nao Wagiriama wa bara walikula sima. Ngano ya nchi ilikuja baadaye kutoka nyanda za juu, ambako mlowezi Lord Delamere alianzisha kampuni ya Unga mwaka 1908, na tangu hapo mfuko wa unga mweupe ukazoeleka katika maduka ya pwani.

Kazi yenyewe ya kupika sambusa ni ya subira. Unga hukandwa kwa maji na chumvi, ukakatwa madonge, yakasukumwa. Kisha chapati hupakwa mafuta na kunyunyizwa unga, zikapangwa moja juu ya nyingine, zikasukumwa tena pamoja na kubabuliwa kidogo tu juu ya chuma, ili zibanduliwe zingali laini. Hizo ndizo manda. Nyama ya kusaga hukaushwa motoni kwa tangawizi, thomu, bizari na ndimu, na kitunguu hutiwa mwisho. Ikibaki na maji, manda zinazoifunga hulowa na kupasuka ndani ya karai, na hapo aibu ni ya mpishi, wala si ya mafuta.

Kisha, sambusa ikiwa imezoeleka, wakaja Wataliani na mkate wao wa kujazwa, calzone. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Roma, chini ya Profesa Luigi Broglio, waliweka majukwaa baharini Ngomeni, karibu na Malindi, na mwaka 1967 wakarusha kutoka huko chombo cha anga cha San Marco 2. Nyuma yao wakafuata wenye hoteli na mikahawa, hata Malindi ikajaa harufu ya jibini. Calzone yao, asili yake Napoli, hutiwa hamira, hukunjwa nusu mwezi na kuokwa tanuruni. Mpishi wa pwani asiye na tanuru aweza kuioka vizuri kwa sufuria yenye makaa juu na chini, kama aokavyo mkate wa sinia, na nyama aliyoikausha kwa sambusa yatosha kuijaza. Wanaodhani kwamba Mtaliani ndiye aliyetufunza kuficha nyama ndani ya unga wamekosea kwa karne nyingi.

Linalonisikitisha ni manda za pakiti, ambazo sasa huuzwa madukani na kuwafanya mabinti wengi wasijue kusukuma. Ewe msomaji, ikiwa nyumbani kwenu yuko bibi au shangazi ajuaye kazi hiyo, nenda ukae naye jikoni ujifunze angali na nguvu za mikono.