Mwendesha-Gari, Kaisari na Askofu

Kila mmoja wetu aliyekaa misioni analijua jambo hili. Mchezaji wa mpira akilewa, watu wanacheka, na Jumapili inayofuata wanampigia makofi tena. Mwimbaji mwenye sifa akimwacha mke wake na kuchukua mwingine, vijana wanaendelea kuimba nyimbo zake. Lakini padri au katekista akionekana mara moja tu anayumba njiani, habari inafika kilima cha pili kabla jua halijachwa. Mafrateri wengine wanasikitika na kusema: «Sisi je, si watu? Kwa nini wale wanasamehewa, na sisi tunapigwa?» Ulizo hilo ni la haki. Tusilijibu kwa hasira. Tuiulize kwanza historia, maana jambo lenyewe si la leo.

Katika Roma ya kale walikuwako watu wenye sifa kubwa: waendesha-magari ya farasi katika mashindano, wachezaji wa michezo ya kuigiza, na wale waliopigana kwa panga mbele ya watu. Watu walijaa kwa maelfu kuwatazama. Hata hivi sheria iliwahesabu wachezaji wa jukwaani kuwa watu wasio na heshima; hali hiyo iliitwa kwa Kilatini infamia. Mwaka 18 kabla ya Kristu, Kaisari Augustus alikataza wakubwa wa senati na watoto wao wasioe wanawake waliocheza jukwaani. Tena, mke wa mkubwa akizini alihukumiwa. Mwanamke wa jukwaani hakuna aliyemwuliza. Na Julia, binti wa Augustus mwenyewe, alipelekwa kisiwani mwaka 2 kabla ya Kristu kwa sababu ya uzinzi.

Tertullianus, mwandishi Mwafrika wa Karthago, alilishangaa jambo hilo karibu na mwaka 200: watu wanawapenda wale wale wanaowadharau, wanaisifu kazi, wanamwondolea heshima mwenye kuifanya. Hapo tunaanza kuiona sababu. Watu hawampimi kila mtu kwa wema. Wanampima kwa kitu walichomwomba. Kwa mwendesha-gari waliomba mbio. Akishinda, deni lake limelipwa. Kwa nyumba ya mkubwa waliomba mfano. Mtu asiyeombwa wema, hakuna anayeona kama wema umempungukia.

Je, kulegeza huku kulikuwa huruma? Hapana. Katika mtaguso wa Elvira, inchi ya Hispania, mwanzoni mwa karne ya 4, maaskofu waliamua kwamba mwendesha-gari au mchezaji akitaka kuamini, shurti aiache kwanza kazi yake. Lakini kuiacha hakukuwa rahisi. Wachezaji wengi walifungwa na kazi ile kwa sheria, wao na watoto wao, ili furaha ya watu isikatike. Ndiyo maana mwaka 371 Kaisari Valentinianus alipaswa kuagiza kwamba mchezaji aliyepokea sakramenti akiwa karibu kufa, kisha akapona, asirudishwe jukwaani. Kanisa lilitaka roho yake. Watu walitaka mchezo wake. Basi wale waliomsamehe yote hawakumpenda zaidi. Walimsamehe ili abaki jinsi alivyo.

Tazameni sasa mambo ya Thesalonike, mwaka 390. Mwandishi Sozomenos anasimulia kwamba Butheric, mkubwa wa askari, alimfunga mwendesha-gari mmoja mwenye sifa, kwa sababu alitaka kutenda uchafu na mtumishi wa nyumba yake. Siku ya mashindano makubwa ikakaribia. Watu wakadai mtu wao afunguliwe. Butheric akakataa, wakafanya fujo, wakamwua. Katika habari ile hatusikii hata mmoja aliyeuliza juu ya yule mtumishi. Waliuliza tu nani ataendesha gari.

Kaisari Theodosius, naye Mkristu, alipopata habari aliwaka hasira. Kwa amri yake askari wakawaua watu wa mji, wenye kosa na wasio na kosa pamoja. Theodoretos anataja watu 7.000. Sasa nani atamhukumu kaisari? Dunia ina kipimo chake hapa pia: mwenye kushinda vita anasamehewa damu, kama vile mwendesha-gari mwenye kushinda anavyosamehewa uchafu.

Mtakatifu Ambrosio, askofu wa Milano, hakukubali kipimo hicho. Wachoraji wanapenda kumwonyesha akimzuia kaisari mlangoni pa kanisa. Barua yake yenyewe yaonyesha njia ya upole zaidi. Aliiandika kwa mkono wake ili isomwe na kaisari peke yake. Akamkumbusha mfalme Daudi, ambaye nabii Natani alimwonyesha kosa lake, naye akaungama. Akamwambia wazi kwamba hataweza kutoa Sadaka takatifu mbele yake. Kaisari akavua mapambo ya ufalme, akalia kanisani mbele ya watu, na mwisho wa mwaka ule akarudishwa kwenye meza ya Bwana. Alipokufa mwaka 395, Ambrosio alimsifu katika mazishi kwa ajili ya machozi hayo.

Kumbe yule aliyemdai kaisari wema ndiye aliyemheshimu. Watu wa Thesalonike walimpenda mwendesha-gari wao kama mtu anavyoipenda ngoma: ikilia vizuri, yatosha. Ambrosio alimpenda Theodosius kama mtu mwenye roho ya kuokoka.

Basi, wandugu, tulirudie ulizo letu. Mtaguso ule ule wa Elvira uliwawekea maaskofu, mapadri na mashemasi wazinzi adhabu kali: wasipewe komunio hata saa ya kufa. Kanisa halikushika ukali ule siku zote, lakini maana yake inabaki: aliyepewa vingi atadaiwa vingi, kama Bwana alivyosema. Ni kweli kwamba mara nyingine watu wanatusingizia, na masengenyo ni dhambi. Lakini wanapotudai, wanaonyesha kwamba wanaamini bado kitu tulichopewa. Siku watakapocheka tu padri akianguka, kama wanavyocheka mchezaji akilewa, siku hiyo ndipo tulie.

Kwa hiyo tusiombe kupimwa kwa kipimo cha mwendesha-gari. Tena tusimwachie mchezaji na mwimbaji kipimo hicho, kama kwamba wao hawana roho. Wakija kwetu, tuwaambie ukweli kwa upole, peke yao, kama Ambrosio. Na mmoja wetu akikosa, tusimfiche nyuma ya kanzu yake na kuita jambo hilo heshima ya Kanisa.

Tumkumbuke yule mtumishi wa Thesalonike. Jina lake halikuandikwa. Ugomvi wote ulianza kwa ajili yake, na watu wakapigana juu ya mashindano, juu ya mkubwa wa askari, juu ya kaisari. Kila mara tunapolegeza kipimo kwa ajili ya mwenye sifa, awe mchezaji, mkubwa wa serikali au padri, yuko mtu mdogo kando ambaye hakuulizwa. Mchungaji mwema ataanza kwa kumwuliza yeye.