Kizinda Si Shahidi

Katika harusi za zamani za mwambao wetu, kungwi alitandika kisarawanda, kile kitambaa cheupe cha usiku wa kwanza. Asubuhi kikitoka na damu, vigelegele. Kikitoka kama kilivyoingia, fedheha ilimwangukia binti pamoja na mama yake. Hata leo naulizwa maswali yale yale: msichana asiyetokwa damu ndiyo kusema alikwisha mjua mwanamume? Je, daktari akimkagua hawezi kugundua?

Ndugu msikilizaji, ipo serikali kubwa iliyoamini kwamba anaweza.

Tarehe 24 Januari 1979, mwalimu wa kike kutoka India, mwenye umri wa miaka 35, alitua Heathrow, London, akija kuolewa. Sheria za wakati ule zilimruhusu mchumba kuingia Uingereza bila viza iwapo angefunga ndoa katika miezi mitatu. Mke, kwa upande wake, alipaswa kusubiri kibali huko kwao. Maofisa wa uhamiaji walimshuku kuwa ni mke anayejifanya mchumba. Wakamwita daktari amkague kama ni bikira! Naye alikubali kwa kuogopa kurudishwa.

Gazeti la The Guardian lilifichua habari hiyo tarehe 1 Februari, na Waziri wa Mambo ya Ndani, Merlyn Rees, akaamuru ukaguzi huo ukomeshwe. Mwaka 2011 watafiti waliosoma nyaraka za serikali walibainisha kuwa wanawake wasiopungua 80 walifanyiwa hivyo katika miaka ya sabini.

Waliwadhalilisha bure. Kizinda si muhuri wa bahasha. Ni utando mwembamba unaozunguka mlango wa uke, na kwa kawaida una uwazi tangu mtoto anapozaliwa. Usingekuwa na uwazi, damu ya hedhi ingepita wapi? Umbo lake hutofautiana, nao hunyumbuka. Wapo wengi wasiotoa hata tone la damu siku ya kwanza. Wapo pia waliokwisha kukutana na wanaume, na wakikaguliwa hawaonekani na alama yoyote. Kwa hiyo hakuna daktari, kungwi wala shuka iwezayo kutoa ushahidi.

Oktoba 2018 Shirika la Afya Duniani, pamoja na mashirika mengine ya Umoja wa Mataifa, lilitaka upimaji wa bikira upigwe marufuku kila mahali, kwa kuwa hauna msingi wa kitaalamu na unawaumiza wanawake. Uingereza yenyewe iliufanya kuwa kosa la jinai kwa sheria ya mwaka 2022, miaka 43 baada ya kisa cha Heathrow.

Sisemi kwamba wazazi waache kuwafunza mabinti zao kujitunza. Nasema malezi ni jambo moja na kitambaa ni jambo jingine. Binti aliyerudishwa kwao kwa sababu ya shuka nyeupe alihukumiwa bila shahidi, na huenda alikuwa akisema kweli.