Lazareti ya zamani, karantini ya leo

Wandugu, wakati wa Korona wengi walituuliza: juu ya nini kila ugonjwa ukija, serikali inafunga watu? Jibu moja liko katika historia, na sehemu yake ni ya hapa kwetu Maniema.

Mwaka 1903 mfalme Leopold II aliita wanganga wa Liverpool wachunguze ugonjwa wa usingizi, malale. Mmoja wao, Dutton, alikufa Kasongo mwezi wa pili 1905 kwa homa ya kimputu. Mwenzake Todd alishauri wapapase watu shingo. Mwenye tezi zimevimba atengwe. Njo lazareti zikaanza, kisha ruhusa ya munganga kabla ya kusafiri. Lakini malale inaletwa na mbung'o, haipiti kwa kupumua! Dawa yao ya atoksili ilipofusha wagonjwa wengine. Watu wakaona lazareti kama kaburi, wakikimbilia pori. Baadaye vikundi vya wanganga vilipita kijiji kwa kijiji na dawa, hata kama nguvu ilibaki, na kufika miaka ya 1950 ugonjwa ulishuka sana.

Ebola ya Kivu Kaskazini, kuanzia tarehe 1/8/2018, iliua watu 2,287. Hapo mwanzo familia zilificha wagonjwa, na wanganga wengine waliuawa. Lakini safari hii kulikuwa chanjo: walichanja waliogusana na mgonjwa, na waliogusana na hao, zaidi ya watu 300,000. Vyumba vingine vilikuwa na kuta za plastiki. Mama anaona mtoto wake akiwa hai. Kwa mawazo yetu, ukuta ule ulifanya kazi kuliko polisi.

Korona ilikuwa tofauti. Tarehe 24/3/2020 Rais alitangaza hali ya dharura, makanisa na masomo vikiwa vimekwisha kufungwa. Hapa Kalima tulimkuta ndugu mmoja, mrudi kama ninyi, aliyeambiwa abaki nyumbani siku 14. Siku ya tatu alitoroka. Hakuna aliyemletea hata ugali wa muhogo, na jirani walimnyima maji, eti warudi njo wanaleta magonjwa. Tuliandika jina lake kama "mkaidi" kwenye fishi. Leo tunaona haya.

Sasa mpox iko Kivu, na wachimbaji wanatembea kati ya migodi. Kwa hiyo tunaomba mkutano ujao uamue: sehemu ya likelemba iwekwe kwa chakula na maji ya mwenye kutengwa, na nani atapeleka mpaka mlangoni.