Kufukua Yaliyozikwa

Tarehe 4 Juni 1969 askari waliwapiga risasi wanafunzi wa Lovanium walioandamana mjini Kinshasa. Miaka miwili baadaye, wenzao walipowakumbuka marehemu hao, serikali ilikifunga chuo na kuwaingiza wanafunzi jeshini kwa nguvu. Mwaka huohuo vyuo vikuu vitatu vya nchi viliunganishwa, na idara ya historia ikahamishiwa Lubumbashi. Huko wanahistoria walitoa jarida liitwalo Likundoli, neno la Kilingala lihusulo kufukua.

Kuwazika wafu ni tendo la huruma. Kuuzika ukweli pamoja nao ni dhuluma. Basi kila kikundi kiwasikilize wazee wa parokia, kiandike majina, miaka na mahali, wangali hai kutusimulia.