Saa Iliyofutwa: Wanawake wa Asili Mbele ya Kamera

Miaka ya 1890, katika mji wa Seattle ulioko kaskazini-magharibi mwa Marekani, hakuna aliyekuwa hamjui bibi mmoja aliyejifunga kitambaa kichwani, shali mabegani na mkongojo mkononi. Alifua nguo za watu, akauza vikapu, na maji yalipokupwa alishuka ufukweni kuchimba kombe. Wazungu walimwita Binti Mfalme Angeline. Jina lake ni Kikisoblu, na mji wenyewe ulikuwa umepewa jina la baba yake, Chifu Seattle.

Kikisoblu aliishi mahali ambapo sheria haikumtaka. Mkataba wa mwaka 1855 uliwataka watu wake, Waduwamish, wahamie kwenye maeneo waliyotengewa. Mwaka 1865 baraza la mji likapitisha amri ya kuwakataza wenyeji wa asili kukaa mjini, isipokuwa wale walioajiriwa na Wazungu na kupewa malazi na waajiri wao. Yeye hakuhama. Alibaki kwenye kibanda chake karibu na bahari, mji ukikua na kumzunguka pande zote, mpaka alipofariki Mei 1896.

Muda mfupi kabla ya kifo chake, mpigapicha kijana mwenye studio mjini humo, Edward Curtis, alimwomba ampige picha. Alimlipa dola moja kwa kila picha. Baadaye Curtis alisimulia kwamba bibi alifurahi sana, akamweleza kwa ishara na maneno machache kuwa kazi hii ilikuwa afadhali kuliko kuchimba kombe.

Moja ya picha hizo ipo hadi leo. Inaonyesha uso wenye mikunjo mingi, kitambaa, shali na mkongojo. Nyuma yake hakuna kitu. Hakuna barabara, hakuna maduka, hakuna nguo za watu zilizoanikwa. Amri ya 1865 ilishindwa kumtoa Kikisoblu mjini, lakini picha iliuondoa mji kando yake.

Kazi ya miaka 30

Kutoka kwa bibi huyo Curtis alipata wito wa maisha. Mwaka 1900 alishuhudia ngoma takatifu ya jua ya Wapiegan huko Montana, akaamua kuzipiga picha jamii zote za wenyeji wa asili kabla, kama alivyoamini yeye, hazijatoweka. Hao ndio watu ambao vitabu vyetu vya zamani viliwaita Wahindi Wekundu. Mwaka 1904 alipiga picha ya Wanavajo wakiwa juu ya farasi, wamegeuza migongo, wakielekea gizani. Aliipa jina lenye maana ya "Jamii Inayotoweka", na jina hilo likawa msimamo wa kazi yake yote.

Mwaka 1906 alikwenda New York kumwomba fedha tajiri J. P. Morgan. Inasimuliwa kwamba Morgan alikataa kwanza, kisha Curtis akafungua mkoba na kumpangia picha mezani. Tajiri akalainika, akaahidi dola 75,000 kwa miaka mitano. Matokeo yake ni juzuu 20 zilizochapishwa kati ya 1907 na 1930, zenye picha zaidi ya 2,200 kutoka jamii zaidi ya 80. Ukijumlisha alizopiga zote, zinafika kama 40,000.

Kati ya picha zinazotajwa kuwa zilimgusa Morgan ni ya msichana wa Kimohave, iliyopigwa mwaka 1903. Anaitwa Mosa. Amechorwa mistari usoni, amevaa shanga shingoni, na anaitazama kamera moja kwa moja, bila kutabasamu. Curtis aliyafananisha macho yake na macho ya mtoto wa paa wa msituni, anayeushangaa ustaarabu kwa mara ya kwanza.

Lakini Wamohave waliishi kando ya Mto Colorado, na reli ilifika kwao, katika mji wa Needles, mwaka 1883. Hiyo ni miaka 20 kabla ya picha. Wanawake wa Kimohave walikuwa wakisimama stesheni kuwauzia abiria shanga na wanasesere wa udongo. Walijua treni inaingia saa ngapi, abiria yupi ana fedha, na bei gani ya kuanzia. Mkao wa Mosa ni wake, na shanga ni za kwao. Mshangao umeandikwa na mwenye kamera.

Kilichofanyika gizani

Tumezoea kusema picha haidanganyi. Kila aliyewahi kufanya kazi katika chumba cha giza anajua kwamba kubonyeza kitufe ni nusu ya shughuli. Negativu za Curtis zilikuwa sahani za kioo. Sahani ya kioo inakwanguliwa kwa kisu chembamba, inapakwa kwa brashi, inaongezewa mwanga upande huu na kupunguzwa upande ule. Kwa miaka mingi kazi hiyo katika studio ya Seattle ilisimamiwa na fundi hodari, Adolph Muhr. Hapo ndipo Imogen Cunningham, aliyekuja kuwa miongoni mwa wapigapicha wakubwa wa Marekani, alipojifunza kuchapa picha kati ya 1907 na 1909.

Kwa ajili ya vitabu, picha zilichongwa kwenye bamba la shaba na kuchapwa kwa wino wa kahawia. Nyingine zilichapwa juu ya kioo na kupakwa unga wa rangi ya dhahabu kwa nyuma, hivyo uso ukang'aa kana kwamba unamulikwa na jua la magharibi. Kahawia na dhahabu zilimwambia mtazamaji, kabla hajasoma neno, kuwa anaowaona ni watu wa jana.

Ushahidi ulio wazi kuliko wote umo katika picha ya mwaka 1910. Wanaume wawili wa Kipiegan, Little Plume na mwanawe Yellow Kidney, wameketi ndani ya hema. Katika picha ya awali, inayohifadhiwa kwenye Maktaba ya Bunge la Marekani, kati yao kuna saa ya mezani. Katika picha iliyochapishwa kitabuni, saa haipo. Imefutwa, na mahali pake pamebaki doa lisilosomeka.

Saa ile huenda haikuingia pichani kwa bahati mbaya. Inaelekea ilikuwa mali ya mwenye hema, ameiweka mbele ya mgeni. Pengine alitaka ionekane. Aliyeifuta aliamua kwamba mtu wa asili hawezi kuwa na saa.

Wanawake walipangwa kwa namna hiyohiyo. Kwa ajili ya filamu ya mwaka 1914 kuhusu Wakwakwaka'wakw wa pwani ya Kanada, mke wa George Hunt, mkalimani na mshirika wa Curtis, alishona pamoja na jamaa zake mavazi ya magome ya mierezi ambayo watu hawakuwa wakiyavaa tena kila siku. Ustadi wa vidole vyao ulikuwa wa kweli na wa mwaka uleule wa 1914. Skrini iliuonyesha kama ustadi wa zamani zile, kabla ya mgeni kufika.

Ili tuone uzito wa jambo hili, tukumbuke serikali ilikuwa ikifanya nini wakati huohuo. Kuanzia mwaka 1879, watoto wa wenyeji wa asili walipelekwa shule ya bweni ya Carlisle, Pennsylvania. Walikatwa nywele, wakavuliwa mavazi yao, wakakatazwa lugha zao. Mpigapicha John Choate alipiga picha zao walipowasili na tena baadaye, ili taifa lione "maendeleo". Watafiti wanaamini kuwa katika picha za baadaye mwanga ulipangwa ili ngozi ionekane nyeupe zaidi.

Basi msichana mmoja angeweza kuhaririwa mara mbili. Shule ilimwondolea kabila ili aonekane wa leo, na studio ilimwondolea leo ili aonekane wa kabila. Pote pawili hakuna aliyemuuliza anataka abaki na nini.

Haki yake Curtis apewe pia. Alirekodi nyimbo na lugha kwenye silinda za nta zipatazo 10,000, aliandika majina ambayo wengine hawakujali kuyaandika, na kazi hiyo ilimgharimu fedha, ndoa na afya. Leo wajukuu na vitukuu wanazifungua juzuu zile wakimtafuta bibi mzaa babu. Wakimwona, hufurahi, na furaha hiyo hakuna mwenye haki ya kuibeza. Hilo ndilo linalofanya kilichofutwa kizidi kuuma, kwa sababu kilikuwa pia urithi wao.

Kwetu nako

Pwani yetu iliijua biashara hii mapema. Mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, studio za Zanzibar kama za Gomes na Coutinho, familia zenye asili ya Goa, zilitoa picha na kadi za posta za wanawake wa Kiswahili zilizosafiri hadi Ulaya. Kanga zao na masikio yaliyojaa mapambo vinaonekana vizuri. Maelezo ya chini mara nyingi husema tu kwamba huyu ni mwanamke wa Kiswahili. Jina la studio lipo. Jina la mwanamke halipo.

Wimbo wa kutoweka nao ulifika. Casimir Zagourski, mzaliwa wa himaya ya Urusi mwenye asili ya Poland, alihamia Léopoldville, Kinshasa ya leo, mwaka 1924, akatoa mfululizo wa picha na kadi alioupa jina la Kifaransa lenye maana ya "Afrika Inayotoweka". Mwaka 1971 Mirella Ricciardi, mzaliwa wa Kenya, alitoa kitabu cha picha za jamii za Kenya, nacho jina lake kwa Kiingereza lina maana hiyohiyo. Kutoka Seattle hadi Léopoldville hadi Nairobi, wapigapicha watatu wasiofanana waliwaaga watu ambao hawakuwa wanaondoka.

Kumuuliza mwenye uso

Jibu zuri limetoka palepale Seattle. Mwaka 2012 Matika Wilbur, mpigapicha kutoka jamii za Swinomish na Tulalip, aliuza vitu vya nyumbani kwake mjini humo na kuingia barabarani. Aliupa mradi wake namba 562, idadi iliyotajwa wakati huo ya jamii za asili zinazotambuliwa na serikali ya Marekani. Aliwauliza watu wenyewe wangependa kupigwa wapi, wamevaa nini, na waelezwe vipi. Nyingi za picha zake ni nyeusi na nyeupe, zikatiwa rangi kwa mkono mahali fulani tu. Uhariri umo tele, wala hauoni haya. Tofauti ni kwamba mazungumzo yalitangulia brashi. Kitabu chake kilitoka mwaka 2023.

Mwaka uleule wa 2012 Will Wilson, Mnavajo, alianza kupiga picha kwa mtindo wa karne ya 19, juu ya bamba la chuma. Anayepigwa huchagua mkao na vitu vya kushika. Likishakauka, bamba lenyewe ni mali ya aliyepigwa, anakwenda nalo nyumbani. Wilson hubaki na nakala ya kidijitali, kwa ruhusa.

Nami nina deni katika habari hii. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa Longido, mkoani Arusha, nikaomba kumpiga picha bibi mmoja wa Kimaasai. Nilimwamkia "Takwenya", akaitikia "Iko", akaketi kwenye kigoda mlangoni pake. Alikuwa amevaa shanga za duara shingoni, moja juu ya nyingine, nyekundu, nyeupe na buluu, na kati yake ilining'inia simu ndogo ya vitufe ndani ya mfuko alioushonea shanga mwenyewe.

Niliporudi mjini nilikaa na picha ile usiku kucha. Rangi niliona zinapiga kelele, nikaziondoa. Nikaongeza giza ili mikunjo ya uso isimame. Kisha nikaifuta simu, kwa utulivu, chembe kwa chembe, nikiziba pengo kwa shanga nilizozinakili kutoka upande wa pili. Nilijiona fundi. Nikachapa nakala kubwa, nikampelekea.

Aliishika kwa mikono miwili, akaisogeza kwenye mwanga wa mlango. Alitazama muda mrefu, akapitisha kidole shingoni pa picha, halafu shingoni pake.

"Mwanangu," akasema, "simu yangu umeiweka wapi?"

Sikuwa na jibu la kumpa. Akaendelea kwa upole, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia. Simu aliinunua kwa mbuzi wake mwenyewe. Ndiyo anayopokelea fedha kutoka kwa binti yake aliyeko Dar es Salaam. Mfuko wake aliushona kwa siku nne. Na shanga, akauliza, mbona zote zimekuwa majivu? Nyeupe na nyekundu si kitu kimoja. Mwanamke akiziona atasomaje?

Nilirudi na picha ya pili baada ya wiki tatu. Tuliihariri tukiwa tumeketi pamoja mlangoni pake, kompyuta mapajani mwangu, mjukuu wake akitafsiri. Rangi zikabaki. Simu ikabaki. Nilipomuuliza kama kuna cha kuondoa, aliifikiria picha, akaonyesha kona ya chini ambako ulionekana mguu wa kigoda uliovunjika na kufungwa kwa waya.

"Hicho kitoe," akasema. "Nimeshanunua kingine."

Nikakitoa.