Mugumo Ulioishinda Barabara: Miaka ya Nairobi Expressway

Nairobi Expressway ni barabara ya kulipia yenye urefu wa kilomita 27, kutoka Mlolongo hadi Westlands. Inafuata Mombasa Road, Uhuru Highway na Waiyaki Way, na inapofika jijini hupanda juu ya nguzo. Rais Uhuru Kenyatta alizindua ujenzi Oktoba 2019. Kampuni ya China Road and Bridge Corporation ndiyo iliyoijenga, na kampuni yake tanzu, Moja Expressway, ikapewa miaka 27 ya kuiendesha na kutoza ada.

Kabla yake, malori ya mizigo ya Mombasa, matatu na magari ya wasafiri wa ndege yalibanana kwenye lami moja. Kutoka uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta hadi Westlands, foleni ilipokaza, saa mbili ziliweza kuisha.

Ugomvi uliotikisa mradi huu zaidi ulihusu mti. Kando ya Waiyaki Way, pale Westlands, umesimama mugumo mkubwa wenye umri wa zaidi ya miaka 100, wenye kimo cha jengo la ghorofa nne. Kwa Wakikuyu mugumo si mti wa kuni: chini yake wazee waliomba mvua na kutoa sadaka, na kuuangusha ovyo ni kujitafutia mkosi. Mwaka 2020 ilipojulikana kwamba mti huo umo njiani, mpango ukawa kuung'oa na kuupanda kwingine. Wanamazingira walikataa katakata. Walijua kwamba mti wa umri huo, ukikatwa mizizi, hauna uhakika wa kuishi tena. Wananchi waliandamana na kukusanyika chini ya matawi yake. Novemba 2020, Mkurugenzi Mkuu wa mamlaka ya huduma za jiji, NMS, Mohammed Badi, akatangaza amri ya rais ya kuulinda. Ujenzi ukauacha mugumo palepale, na hilo ni jambo la kujivunia.

Miti mingine mingi kando ya njia hiyo haikupata mtetezi. Ilikatwa, na kivuli cha wapita njia kikaenda nayo.

Magari yalianza kupita Mei 2022. Faida haina ubishi: safari ya saa mbili ikawa ya dakika 20 hivi, na anayewahi ndege halazimiki tena kuondoka nyumbani alfajiri. Lakini bodaboda, tuk-tuk na waenda kwa miguu hawaruhusiwi kule juu, na matatu nyingi hubaki chini. Wengi wa wakazi wa Nairobi hutembea au hupanda matatu, nao wanastahili njia salama za miguu na vivuko kwa bidii ileile iliyouokoa mugumo.

Ada ya gari dogo ilianzia shilingi 120 hadi 360 kulingana na umbali. Kufikia 2024, safari nzima iligharimu shilingi 500.