Asidi Isiyoingia Chupani

Kama ulisoma Kemia sekondari, umewahi kuiandika: H2SO3, asidi salfurasi. Gesi ya salfa dioksidi inayeyuka kwenye maji, litmasi ya buluu inageuka nyekundu, mwalimu anakupa alama zako. Ambalo wengi wetu hatukuambiwa ni kwamba hakuna aliyewahi kuipata asidi hii ikiwa safi, peke yake. Ukichemsha yale maji ili ibaki, inavunjika, gesi inapaa zake na unaachiwa maji. Hata ndani ya maji, ukipima unakuta gesi iliyoyeyuka na ayoni, si molekuli yenyewe. Mwaka 1988 ndipo wanakemia walipoinasa, tena kwa kitambo kidogo mno, ikiwa gesi.

Mimi niliacha chuo kabla ya kuhitimu, kwa hivyo kitu kinachopiga kazi bila makaratasi lazima kinivutie. Ila kazi ya hii asidi si ya kuchekea.

London, Ijumaa, 5 Desemba 1952. Baridi kali, upepo hakuna. Hewa yenye joto imetanda juu kama kifuniko cha sufuria, na chini yake mji mzima unachoma makaa ya mawe. Makaa hayo yana salfa. Yakiungua yanatoa salfa dioksidi. Gesi ikaingia kwenye matone ya ukungu, ukungu ukawa asidi. Nyingine ikageuka asidi salfuriki, ile ya betri ya gari. Watu wakaivuta siku tano. Ukungu uliingia hadi ndani ya ukumbi wa Sadler's Wells, opera ikakatizwa. Ng'ombe walioletwa kwa maonyesho ya Smithfield wakafa.

Hesabu ya kwanza ilisema watu wapatao 4,000 walikufa. Vifo vilipoendelea miezi iliyofuata, serikali ikasema, aah, hiyo ni homa ya mafua. Watafiti waliorudia hesabu hizo miaka mingi baadaye walikadiria kama 12,000.

Na usidhani hawakuwa wameonywa. Mwaka 1852, miaka 100 kabla, mwanakemia Robert Angus Smith alipima mvua ya Manchester akaeleza jinsi asidi inavyoongezeka kadiri unavyoukaribia mji. Viwanda vikaendelea kufuka moshi. Sheria ya Hewa Safi ya Uingereza ilipitishwa 1956, maiti zikiwa zimeshazikwa.

Hapo ndipo hii asidi inaponikera. Mwenye mamlaka hupenda ushahidi wa kushikika: lete chupa, bandika lebo, weka mezani. Asidi salfurasi haiwezi kuwekwa mezani. Unaijua kwa litmasi iliyobadilika, kwa jiwe la jengo lililolika, kwa kifua cha mzee kinachokorota usiku. London ilikuwa na ushahidi huo wote, na bado wafu wengine wakaandikiwa mafua.